Simu Ikikatika, Hesabu Isikatike

Milima ya Usambara imekuwa uwanja wa sayansi kwa zaidi ya karne moja. Kituo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika Usambara ya Mashariki, kilikuwa miongoni mwa vituo vya awali kabisa vya utafiti wa mimea na kilimo katika Afrika ya Mashariki. Katika Usambara ya Magharibi, mjini Lushoto, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania ina kituo chake. Misitu ya milima hiyo imehifadhi mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Hata maradhi yake yamewavuta wataalamu: tauni iliyoripuka wilayani Lushoto mwaka 1980, na kurejea mara nyingi kwa zaidi ya miaka 20, iliwakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Ubelgiji. Kazi yao ilikuwa kuwachunguza panya na viroboto, na kutafuta kwa nini vijiji fulani viliugua ilhali vingine vya jirani vilisalimika.

Utafiti wa namna hii haumaliziki tena msituni wala mezani pa darubini. Picha za satelaiti, vipimo vya mvua, orodha za viumbe na michoro ya nasaba zao hukusanywa na kutiwa katika kompyuta, ambayo hurudia hesabu zilezile mara maelfu kwa maelfu hadi jibu litulie. Hesabu moja yaweza kuchukua saa sita, usiku kucha, au hata juma zima. Kompyuta ndogo ya mapajani aghalabu haiwezi kustahimili mzigo huo. Kwa hiyo mtafiti aliyeko Lushoto hutumia mtandao kuingia katika seva, yaani kompyuta kubwa inayohudumia watu wengi, iliyoko Dar es Salaam, Morogoro, au ng'ambo. Hufungua dirisha la amri, ambalo wataalamu huliita terminali, akaandika amri yake, akaiona programu imeanza kazi. Usiku mvua inanyesha, umeme unazimika, mtandao unapotea. Asubuhi anaporudi katika seva, programu haipo na jibu halipo.

Watu wengi huliona jambo hili kuwa sehemu ya majaliwa ya kufanya kazi mbali na jiji. Husemwa kwamba sayansi ya hesabu kubwa itawezekana vijijini siku mtandao utakapokuwa haukatiki. Fikra hiyo si sahihi. Seva iliyokuwa ikifanya hesabu haikuzimika, haikuharibika, wala haikuishiwa nguvu. Kilichokatika ni uzi wa mawasiliano tu, na dawa ya kukatika kwa uzi huo ilikwisha kupatikana zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kinachokosekana ni mafunzo.

NANI ALIYEIUA PROGRAMU?

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza kutenganisha vitu vitatu ambavyo macho huviona kuwa kimoja. Cha kwanza ni programu inayofanya hesabu. Cha pili ni mfasiri wa amri, yaani programu nyingine inayopokea maneno anayoyaandika mtumiaji na kuyatekeleza. Cha tatu ni terminali yenyewe, yaani mlango ambao maneno huingilia na majibu hutokea.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ambayo ndiyo inayoendesha seva nyingi za kisayansi ulimwenguni, kila programu huzaliwa na programu nyingine. Programu ya hesabu iliyoanzishwa kwa amri ni mtoto wa mfasiri wa amri, na wote wawili wamefungwa katika kikao kimoja chenye terminali moja. Mtumiaji anapofunga dirisha, au mawasiliano yanapokatika na seva kutambua kwamba upande wa pili hakuna mtu, kiini cha mfumo hutangaza kwamba terminali imekufa. Hutuma ishara kwa kiongozi wa kikao, naye huipeleka kwa watoto wake. Ishara hiyo ni ya namba 1 katika orodha ya ishara za mfumo. Programu ambayo haikuelekezwa vinginevyo, ikiipokea, hujifia papo hapo.

Programu basi haikuuawa na mvua ya Lushoto. Iliuawa na kanuni, na kanuni ikijulikana huweza kuelekezwa.

CHIMBUKO LA ISHARA

Jina la ishara hiyo lina historia yenye mafunzo. Kwa Kiingereza maana yake ni kukata simu, yaani kuweka mkono wa simu mahali pake baada ya mazungumzo. Unix ilianza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na Ken Thompson na Dennis Ritchie wakiwa mstari wa mbele. Zamani hizo watumiaji walizungumza na kompyuta kwa mashine za kupigia chapa, na wengi waliifikia kwa waya wa simu ya kawaida. Simu ilikatika mara kwa mara, ama kwa hitilafu ya waya, ama kwa mtumiaji kuchoka na kwenda zake.

Mafundi wa Unix walikabiliwa na swali: simu inapokatika, kazi ya mtu yule ifanywe nini? Muda wa kompyuta ulikuwa ghali mno, na watu wengi waliugawana. Kuiacha kazi isiyo na mwenyewe iendelee kula muda huo kulikuwa ubadhirifu. Tena ilikuwapo hatari ya usalama, kwani mtu mwingine angeweza kupiga simu na kujikuta ndani ya kikao cha aliyetangulia. Wakaamua kwamba simu ikikatika, kazi ife.

Lakini walitambua pia kwamba zipo kazi ambazo mwenyewe anataka ziendelee usiku wakati yeye amelala. Ndipo katika toleo la 4 la Unix, la mwaka 1973, ikaonekana amri ndogo iitwayo nohup, jina ambalo ni mkato wa maneno yenye maana ya kutokata simu. Programu iliyoanzishwa kwa amri hiyo huambiwa tangu mwanzo iipuuze ile ishara namba 1.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Tatizo linalomsumbua mtafiti wa Usambara leo ndilo lililowasumbua wataalamu wa taifa tajiri kuliko yote, katika maabara mashuhuri kuliko zote za simu. Hawakusubiri waya zisizokatika. Walichukulia kwamba waya zitakatika, wakaunda zana kwa msingi huo. Kukatika kwa mawasiliano, kwa hiyo, si aibu ya nchi changa; ni hali ya kawaida ya mawasiliano yote. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika pamoja, mtandao ulidorora Tanzania nzima na katika nchi jirani. Siku ile aliyekuwa Dar es Salaam hakuwa na nafuu kuliko aliyekuwa Mlalo.

Kwa nini basi fundisho hilo halikuwafikia wengi nchini? Sehemu ya jibu imo katika historia. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya toleo lile la Unix, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya gharama na matatizo yaliyotokana na kompyuta za serikalini. Marufuku hiyo ilikuwa na sababu zake, nayo ililegezwa baadaye. Lakini matokeo yake ni kwamba kompyuta zilipoanza kuenea katika ofisi na vyuo, zilikuja zikiwa za mezani, kila moja na mtu wake, zikiendeshwa kwa madirisha, vipicha na kipanya. Kizazi cha waliojifunza kompyuta kwa njia ya simu inayokatika kilikuwa kimepita kando. Wanafunzi wakazoea kuamini kwamba dirisha ndilo programu, na kwamba kufunga dirisha ni kumaliza kazi. Imani hiyo haina madhara kwa aandikaye barua. Kwa afanyaye hesabu ya siku tatu kwenye seva iliyo mbali, ni hasara.

NJIA ZA KUIOKOA KAZI

Katika milima ya Upare, jirani na Usambara, wakulima wana bwawa dogo waliitalo ndiva. Usiku mzima maji ya mfereji hujikusanya humo wakati mkulima amelala, na asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani. Hakuna anayekesha ameshika maji mkononi. Utaratibu umepangwa ili maji yafanye kazi yake bila ya mtu kuwapo. Mtafiti naye anatakiwa aipange kazi yake vivyo hivyo, na njia zilizopo ni tatu.

Njia ya kwanza ni hiyo ya nohup. Mtumiaji huliandika neno hilo mbele ya amri yake, na mwishoni mwa amri huweka alama ya &, ambayo huipeleka programu nyuma ya pazia ili terminali ibaki huru. Maneno ambayo programu ingeyaandika kwenye kioo huandikwa katika faili liitwalo nohup.out, likasomwa baadaye. Aliyesahau kuanza hivyo bado ana nafasi: akiisimamisha programu kwa muda, akaipeleka nyuma, kisha akatumia amri ya disown, ambayo imo katika wafasiri wa amri wanaotumika sana leo, programu hufutwa katika orodha ya watoto watakaopelekewa ishara. Njia hii ni nyepesi na ipo karibu katika kila seva. Upungufu wake ni kwamba mtumiaji hawezi kurudi na kuzungumza tena na programu hiyo; anaweza kusoma maandishi yake tu, au kuizima.

Njia ya pili hutibu upungufu huo. Mwaka 1987 Oliver Laumann na Carsten Bormann, waliokuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, walitoa programu iitwayo screen. Mwaka 2007 Nicholas Marriott alianza nyingine ya namna hiyo iitwayo tmux. Zote mbili huunda terminali ya bandia ndani ya seva yenyewe. Mtafiti hujiunga na terminali hiyo, akaanzisha kazi, akajitoa. Mtandao ukikatika, kinachokufa ni kiungo kati ya Lushoto na seva. Ile terminali ya bandia haina habari, na programu haipokei ishara yoyote. Akirudi baada ya saa moja au baada ya juma moja, hujiunga tena na kukuta kila kitu kama alivyokiacha, hata maneno aliyokuwa hajayamaliza kuandika. Kwa mtu wa milimani, hii ndiyo njia bora kwa kazi za kila siku.

Njia ya tatu ni ya kazi zisizo na mwisho, mfano kupokea vipimo vya mvua kila saa kutoka vituo vilivyotawanyika milimani. Kazi ya namna hiyo haifai kutegemea kikao cha mtu awaye yote. Hukabidhiwa mfumo wenyewe, uianzishe kila seva inapowashwa na kuianzisha upya endapo itaanguka. Katika Linux nyingi za sasa jukumu hilo hubebwa na systemd.

MIPAKA YA NGAO HIZI

Si haki kumpa msomaji matumaini yaliyopita kiasi. Ngao zilizotajwa hukinga programu dhidi ya kifo cha terminali tu. Hazikingi dhidi ya kifo cha kompyuta. Umeme ukikatika mahali seva ilipo, na betri zake zikaisha, nohup na tmux huzimika pamoja na mengine yote. Kadhalika, mtu anayeendesha hesabu katika kompyuta yake mwenyewe ya mapajani, kisha akafunga kifuniko, hatasaidiwa na amri yoyote kati ya hizo, kwa kuwa mashine nzima imelazwa usingizi. Kosa hili ni la kawaida miongoni mwa wanaoanza.

Kwa sababu hiyo kazi ndefu huhitaji ngao ya pili, nayo ni kuhifadhi hatua. Programu iliyotungwa vyema huandika kwenye diski, kila baada ya muda fulani, hali yake yote: imefika wapi, na imepata nini. Ikianguka, huanzishwa tena kutoka pale ilipohifadhi, wala si kutoka mwanzo. Programu nyingi za kukadiria nasaba za viumbe zina uwezo huo tayari. Mtumiaji huhitaji kuuwasha tu. Atungaye programu yake mwenyewe hana budi kuutia kwa mkono wake. Aliyehifadhi kila baada ya nusu saa hawezi kupoteza zaidi ya nusu saa, hata radi ikipiga.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo watunzaji wa seva wasiofurahia mafundisho haya, na malalamiko yao yana uzito. Mtumiaji akijua kuacha programu nyuma yake, husahau pia kuirudia. Programu yenye kosa inayozunguka bila kikomo yaweza kula kumbukumbu na nguvu za seva kwa miezi, huku mwenyewe akiwa ameshahitimu. Katika chuo chenye seva moja tu ya kugawana, hilo si jambo dogo: programu iliyosahauliwa na mmoja ni foleni ndefu kwa wengine 10.

Mwaka 2016 mvutano huo ulijitokeza hadharani. Watunzi wa systemd, katika toleo la 230, walibadili kanuni ya msingi ili programu zote za mtumiaji zizimwe mara anapotoka, zikiwamo zile zilizo chini ya screen, tmux na nohup, isipokuwa pale panapokuwa na ruhusa maalumu. Hoja yao ilikuwa usafi na usalama wa mashine. Mjadala mkali ukazuka, na wasambazaji wa Linux kama Debian wakaamua kuirudisha kanuni ya zamani katika mifumo yao.

Debian walifanya uamuzi ulio sawa, na sababu yake yaonekana wazi zaidi kutoka Usambara kuliko kutoka mji wenye mtandao wa kudumu. Kanuni inayoua kila kazi isiyo na mtu mlangoni huwapendelea wenye waya mzuri. Aliye jirani na seva hukaa mlangoni bila taabu. Aliye mbali hutolewa nje kila mvua inaponyesha. Dawa ya uzembe isiwe adhabu kwa waliokatikiwa na mawasiliano bila hiari yao. Ipo dawa nyingine: foleni ya kazi, ambamo kila mtumiaji hukabidhi kazi yake kwa msimamizi wa mashine, akitaja muda na kumbukumbu anayohitaji. Muda huo ukipita, kazi huzimwa, awe mwenyewe yupo au hayupo. Foleni ya namna hiyo huwatendea haki wote, na vyuo vingi duniani vinaitumia katika kompyuta zao kubwa. Pasipo na foleni, adabu itoshe: anayeacha kazi ikiendelea aandike mahali fulani ni kazi gani, aiangalie kila anapopata mtandao, na aizime inapomalizika.

LIFANYWE NINI?

Hatua zinazohitajika si za gharama kubwa. Zana zote zilizotajwa ni za bure, na nyingi zimo tayari katika seva za vyuo.

Kwanza, somo la programu, kikao na terminali lifundishwe kwa wanafunzi wote wa sayansi katika mwaka wa kwanza, wasiachiwe wanafunzi wa kompyuta peke yao. Mwanafunzi wa misitu, wa mifugo, au wa afya ya jamii atalihitaji kabla ya kumaliza tasnifu yake. Saa mbili za mafunzo zatosha.

Pili, mtihani wa somo hilo uwe wa vitendo. Mwalimu awaambie wanafunzi waanzishe hesabu ya nusu saa kwenye seva, kisha dakika ya 10 akate mtandao wa darasa makusudi. Baada ya nusu saa aurudishe. Ambaye hesabu yake imekamilika amefaulu. Hakuna maelezo ya ubaoni yatakayokaa kichwani kama jaribio hilo.

Tatu, kila seva ya utafiti iwe na mwongozo mfupi wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, unaoonekana mara mtu anapoingia. Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi mambo haya. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kuwajibu mwaka 2004 ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili tangu orodha za amri hadi ujumbe wa makosa. Lugha iliyoweza kazi ile haishindwi kueleza namna ya kujitoa katika tmux na kujiunga tena.

Nne, wanaofadhili na kusimamia utafiti waulize swali moja kabla ya kuidhinisha mpango wowote wenye hesabu kubwa: mawasiliano yakikatika katikati, kazi itaendeleaje? Mpango usio na jibu haujakamilika, kama vile mpango wa kukusanya damu usiotaja mahali pa kuihifadhi.

Mitandao bora ijengwe, na kila jitihada ya kufikisha nyaya milimani inastahili kuungwa mkono. Lakini sayansi haiwezi kungoja nyaya zitakazokuwa hazikatiki, maana hazipo popote. Wakati tauni ilipokuwa ikirejea Lushoto mwaka baada ya mwaka, kila juma lilikuwa na maana. Na ugonjwa mwingine ukizuka kesho, ramani ya hatari inayohitajika leo haitakuwa na faida ikichelewa kwa sababu kila usiku hesabu ilianza upya. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kompyuta ya mbali hufanya kazi sawasawa na ya karibu, ilimradi aliyeituma amejua namna ya kuiachia kazi yake. Ujuzi huo umo katika amri moja fupi, nao haupaswi kuwa siri ya wachache walio karibu na mashine.